Bonge Kwenye Bakuli la Moto

Jumatano, 18 Juni

Majivu nimemwaga. Kioo nimefuta kwa gazeti lililoloa. Bakuli la moto nimelitoa nikakuta bonge tena. Gumu, limeng'ang'ania chini, limeziba karibu nusu ya matundu. Nimelibandua kwa bisibisi.

Jiko hili nalijua. Niko nalo tangu mwaka jana, nilipolinunua kwa familia iliyokuwa inahama nyumba ya shamba la chai kule Mufindi. Jiko la peleti. Vidonge vya vumbi la mbao vinashuka vyenyewe kutoka tangi la juu, vinadondokea kwenye bakuli, feni inapuliza hewa kupitia matundu, moshi unatoka nje kwa bomba. Likishawaka huna haja ya kufungua mlango hata mara moja. Kila asubuhi kabla ya chai ni mimi na brashi. Mwaka mzima nimekuta majivu laini, machache, ya kupuliza kwa mdomo.

Sasa tangu juzi, bonge.

Jiko haliamki tu likajiamulia. Kuna mtu kafanya kitu.

Alhamisi, 19 Juni

Bonge. Dogo kuliko la jana, lakini lipo.

Zaituni amekohoa tangu alfajiri. Daktari alisema waziwazi: kifua chake hakitaki moshi, wa kuni wala wa mkaa, na akiendelea kuuvuta tusimlaumu mtu. Ndiyo maana jiko la mkaa nikalitupa nyuma ya banda la kuku na hili likaingia sebuleni. Matundu yakiziba, moto unakosa hewa. Moto ukikosa hewa, moshi unarudi ndani. Yaani bonge likikua, mke wangu anakufa. Nimeandika hivyo hivyo, humu hakuna anayesoma.

Wa kwanza ninayemshuku ni Sanga, anayetuletea peleti kutoka Nyololo. Mpole mno. Shikamoo zake ndefu. Mimi ni fundi saa, miaka yote niko Mwanjelwa sokoni, na nimejifunza kumwogopa mtu anayeuza kitu kilichoshonwa ndani ya kiroba. Atakuwa anazoa vumbi la sakafuni pamoja na mchanga.

Jioni tulikaa watatu tukiota joto: mimi, Zaituni, na dada yake Mwajuma, aliyetoka Ilula kuja kumwuguza. Tangu mwanzoni mwa wiki bundi amehamia kwenye mkaratusi wa jirani. Akalia. Mwajuma akatema mate pembeni. Nikacheka. Nikawaambia huyo ni ndege, anakula panya, tumshukuru, na mwenye imani yake timamu haogopi ndege. Nikamwiga na sauti. Zaituni hakucheka. Akavuta shuka.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemimina peleti kwenye beseni la maji. Zimevimba, zimevunjika, zimekuwa uji. Nimeuchuja kwa kitambaa cheupe, nikaangalia kwa kioo changu cha kazi, kile cha kubana jichoni. Sikuona mchanga. Hata punje.

Nimempigia Sanga hata hivyo. Akasema, "Mzee wangu, peleti zangu ni paini tupu, hamna kitu kingine humo. Labda mnapikia nini?"

Mnapikia nini. Mtu ukimshika anakuuliza swali.

Jumapili, 22 Juni

Bonge kubwa. Limetoka vipande viwili, linang'aa upande mmoja kama chupa iliyoyeyuka. Kioo cha mlango kina ukungu mweupe ambao gazeti haliutoi.

Nimeona na kutu. Pembeni mwa bakuli, nyekundu mbichi. Jiko linalokaa kavu na la moto, kutu inatoka wapi?

Zaituni hakula mchana.

Jumanne, 24 Juni

Nimebadilisha peleti. Hizi ni za mtu mwingine kabisa, wa Mafinga, Sanga hamjui na yeye hamjui Sanga. Tangi nimelifagia mpaka pembe. Bomba la moshi nimelipitisha brashi ndefu, masizi yakanijaa usoni, Mwajuma akanicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, leo ungeenda hivyo hivyo msikitini wangekukimbia."

Tuone.

Jumatano, 25 Juni

Bonge.

Basi si Sanga. Nimemwonea bure, lakini sitampigia kumwambia, atapandisha kichwa.

Nimekaa nikafikiri kama ninavyofikiri saa ikinishinda. Saa iliyokuwa inakwenda vizuri ikisimama, usiulize saa ina nini. Uliza nani ameishika. Ndani ya nyumba hii kilichoongezeka mwezi huu ni kitu kimoja tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wamesema wahenga, na mimi shemeji yangu nimempa jiko.

Mwajuma halipendi hili jiko. Hafichi. Siku ya kwanza alilizunguka kama anaangalia ng'ombe mnadani. Akasema, "Sasa chakula hakinuki moshi, mtu unajuaje kimeiva?" Maharage ya juu ya bati hili anayaita maharage ya hospitali. Mara tatu amesema mbele yangu kwamba jiko la mkaa halina kosa, mbona linaozea nyuma ya kuku.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 26 Juni

Bonge. Tena na kikohozi.

Nimeanza kumchunguza shemeji. Si vizuri, najua. Anaamka kabla yetu. Anafagia uani. Anamsugua mdogo wake mgongo kwa mafuta ya moto na kumwimbia vitu vya Kihehe ambavyo mimi sivielewi, na Zaituni akiniona anaacha kusikiliza. Wanaongea Kihehe mimi nikiwa nje, nikiingia wanahamia Kiswahili. Ndivyo wafanyavyo watu wenye jambo.

Halafu chumvi. Alipokuja alileta ndoo ya nyanya, sawa, Ilula ni nyanya. Lakini alileta na furushi la chumvi, kama vile Mbeya hatuna maduka. Nikamtania siku ile. Leo nimeona furushi limekaribia kwisha, na mboga zetu ni za mgonjwa, hazina chumvi ya kuhisi. Anaipeleka wapi? Anawauzia majirani? Nimeandika tu. Mtu anayeficha dogo anaficha na kubwa.

Ijumaa, 27 Juni

Nimeweka mtego.

Mlango wa jiko haufunguliwi likiwa linawaka, nimelisema hilo mara nyingi mpaka linaudhi. Kwa hiyo kabla ya kwenda kuswali magharibi nimeng'oa unywele mmoja mweupe kichwani, nikaulowesha kwa mate, nikaubandika kati ya mlango na ukuta wa jiko. Haukuonekana. Nimezoea kushika nyuzi nyembamba kuliko huo.

Nilipotoka msikitini nikaenda moja kwa moja kwenye jiko, hata kandambili sikuvua. Umekatika.

Mwajuma alikuwa jikoni anaosha masufuria. Zaituni alikuwa kitandani, uso ukutani, anakohoa na kuhema kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Sebule ilikuwa na moshi kidogo.

Jumamosi, 28 Juni

Unywele wa pili. Umekatika. Magharibi ileile, mimi nikiwa msikitini.

Kwa hiyo anajua saa ya kutoka kwangu. Anangoja nimpe mgongo. Namchukia. Nimeandika neno hilo nikaliangalia, na silifuti.

Jumatatu, 30 Juni

Nimesema.

Sikupanga kusema leo. Lakini asubuhi bonge lilikuwa la kutisha, limejaza bakuli, nikalibandua kwa nyundo na bakuli likapata ufa. Nikalibeba lile bonge mpaka mezani nikaliweka mbele ya chai ya Mwajuma.

Nikamwambia shemeji, mimi si mtoto. Nikamwambia najua mlango wa jiko unafunguliwa nikiwa nimeenda kuswali. Nikamwambia kama hapendi jiko la nyumba hii basi hapendi uhai wa mdogo wake. Yote nikayamwaga. La furushi la chumvi pia nikalitia, lilikuwa limenikaa kooni.

Nilitegemea apige kelele. Mwajuma ana mdomo, Ilula yote inajua. Akamtazama Zaituni. Zaituni akatazama sakafu. Nikajua wote wawili wana aibu, mmoja kwa alilofanya na mwingine kwa kulijua.

"Sawa, shemeji," akasema. "Jiko ni lako."

Akamaliza chai. Akaosha kikombe chake, akakifuta, akakirudisha kabatini.

Jumanne, 1 Julai

Ameondoka na basi la asubuhi. Nilimbebea begi mpaka barabarani, ustaarabu ni ustaarabu. Aliniachia neno moja: "Mwangalie sana jioni." Nikamwambia naangalia siku zote.

Zaituni hajasema nami tangu jana. Nitavumilia. Akipata nafuu ataelewa.

Bakuli nimelipeleka kuchomelewa ule ufa. Jioni nimeliwasha mwenyewe, nimesikiliza feni, moto mzuri. Nimekwenda msikitini moyo mweupe. Leo sikubandika unywele. Wa nini?

Jumatano, 2 Julai

Bonge.

Jumatano, hiyohiyo, mchana

Nimefunga kibanda Mwanjelwa mapema. Nilikuwa na saa ya mtu mkononi na sikujua naitafutia nini.

Tumebaki wawili ndani ya nyumba. Na si mimi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimelichukua bonge la leo nikaenda nalo kazini, ndani ya leso. Nikalibana chini ya taa, nikavaa kioo changu. Kwenye pembe zake kuna vipande vidogo vyeupe, vya mraba, vinametameta. Nikavigusa kwa ncha ya sindano. Halafu nikafanya kitu ambacho sitakisimulia popote: nikalamba. Mwanamume mzima, mwenye wajukuu, nalamba uchafu wa jiko mbele ya mteja.

Chumvi.

Ndiyo maana kutu. Ndiyo maana ule ukungu kwenye kioo. Chumvi ikikutana na majivu ndani ya moto mkali inayayeyusha, inayagandisha, inaziba kila tundu. Swali la kwanza limejibika.

La pili ndilo linaloniua. Kwa nini mke wangu anatia chumvi ndani ya jiko lililoletwa kwa ajili ya pumzi zake? Anajua moshi unamfanyia nini. Alikuwepo daktari aliposema. Amechoka na dawa? Amenichoka mimi? Kuna watu huchoka na maisha polepole, hawasemi, wanaacha tu mlango wazi. Nimeogopa. Nimerudi nyumbani nikamwangalia akila uji, kijiko kwa kijiko, nikatafuta usoni mwake mtu nisiyemjua.

Ijumaa, 4 Julai

Sikwenda msikitini magharibi. Mungu anisamehe. Nilitoka mlangoni na kofia yangu, nikaaga, nikazunguka nyumba, nikasimama nyuma ya banda la kuku, karibu na lile jiko la mkaa la zamani. Mwizi wa nyumba yangu mwenyewe. Kutoka pale dirisha la sebule linaonekana vizuri.

Baridi kali. Adhana ikapigwa, ikaisha. Sikuona kitu. Nikaanza kujicheka.

Bundi akalia.

Zaituni akatokea. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, anatembea kwa shida, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika. Mkono wa pili umefumba kitu. Akafika kwenye jiko, akapiga goti, akafungua mlango. Akatupa. Moto ukabadilika, ukawa wa njano sana, na moshi ukamtokea usoni. Hakukwepa. Akasema kwa sauti, mpaka mimi nje nikasikia: "Nenda kwenu. Hapa hakuna mtu wako."

Halafu akakohoa. Akakohoa pale chini ameshika miguu ya jiko, na mimi nimesimama na kuku.

Sikuingia. Nimejiuliza tangu saa ile kwa nini sikuingia. Nadhani kwa sababu angejua nimeona, na angetakiwa anieleze, na pumzi hakuwa nayo.

Huyu hataki kufa. Anaogopa kufa kuliko kitu chochote, na mimi ndani ya nyumba hii nilikuwa namwiga bundi.

Jumamosi, 5 Julai

Bonge. Nimelibandua polepole bila kelele. Kazini sikuweza kufunga hata mkanda wa saa.

Jumapili, 6 Julai

Nimeongea naye. Nilianza vibaya, nilianza na jiko. Nikamweleza habari za matundu, hewa, chumvi inavyofanya majivu. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio.

Kisha nikamwambia nilikuwa nyuma ya banda la kuku.

Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Ulicheka, Baba Nuru."

Ndiyo. Nilicheka.

Akanisimulia habari za mama yake. Nimemwoa huyu mwanamke, nimezaa naye, nimezika wazazi wake pamoja naye, na habari hii sikuwahi kuisikia. Mama yake alipougua kule Ilula, bundi alikaa juu ya paa la jiko lao. Mama akaomba itupwe chumvi motoni, kama walivyofanya kwao tangu zamani, bundi akisikia inavyopasuka anahama na habari yake. Wakatazama chomboni. Hamna. Mwajuma akatumwa mbio kwa jirani. Aliporudi na chumvi mkononi, mama hayupo.

"Tangu hapo dada hasafiri bila chumvi," akasema.

Mimi nilisema anawauzia majirani.

Nimemwuliza kama anajua moshi ule unamfanya nini. Anajua. Akasema anaogopa moshi, lakini moshi haumwiti kwa jina kama bundi. Mimi nina hoja nyingi kwenye mambo ya dini na nimezoea kuzitoa. Leo zote ziligoma kutoka.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Soko limelala. Nimepiga simu Ilula, haikupokelewa. Nimepiga tena, haikupokelewa. Nimemwomba mwanetu Nuru aje kutoka Makambako akae na mama yake siku mbili. Hajauliza kwa nini, amesema tu, "Nyie mna nini?"

Jumatano, 9 Julai

Iringa, chumba cha kulala wageni karibu na stendi. Blanketi jembamba. Nimefika jioni, Ilula ni kesho asubuhi. Tumepita Nyololo nikaona malori ya mbao na vilima vya vumbi la mbao, nikamkumbuka Sanga. Huyo naye nina deni lake la maneno mazuri.

Njia nzima nimetunga hotuba. Ni nzuri mno. Siiamini.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemkuta kando ya barabara kuu, amekaa nyuma ya ndoo zake za nyanya pamoja na wanawake wenzake. Basi likisimama wote wanainuka na kukimbilia madirisha. Mimi nilishuka kwa miguu yangu. Nikasema, "Kamwene, shemeji." Wenzake wakaangua kicheko kwa matamshi yangu ya Kihehe.

Yeye hakucheka. Akasema, "Nyanya ziko hapa. Maneno mengine tuyapeleke ndani."

Ndani hotuba yote ilipotea. Nikasema nimekosa. Nikasema nilimwona Zaituni kwa macho yangu.

Mwajuma alijua. Alimfuma siku ya pili tu baada ya bundi kuja, na akampa furushi lake lote. Mimi nilipoweka bonge mbele ya chai yake alijua nani, alijua nini, alijua kwa nini. Nikamwuliza mbona alikubali kubeba mzigo usio wake.

"Ningesema, ungemcheka tena," akasema. "Mimi nikichekwa sipungukiwi. Yeye amebakiwa na nini?"

Niliinamisha kichwa. Miaka hii yote nimejiona ndiye mwenye akili kwenye ukoo huu.

Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka kwenye basi. Alimwambia mdogo wake akatupe chumvi nje, mbali na kifua chake. Zaituni akamjibu kwamba nje hakuna moto. Moto wa nyumba yetu uko mahali pamoja tu, ndani ya bati langu. Ule mwingine niliutupa nyuma ya kuku.

Hakukubali kurudi nami. Nyanya zimeiva, hazingoji watu kusameheana. Atakuja zikipungua. Amenipa ndoo moja, na juu yake furushi. Sikuuliza lina nini.

Jumamosi, 12 Julai

Nyumbani. Nuru ameondoka. Jiko la mkaa nimelitoa nyuma ya banda, kuku walikuwa wanatagia humo. Nimekwangua kutu, nimeziba tundu la pembeni kwa udongo. Nimeliweka mwisho wa ua, upande ambao upepo unapeleka moshi kwenye migomba na siyo dirishani.

Kabla ya magharibi nimewasha makaa machache. Zaituni alikuwa anatazama kutoka dirishani, shuka mabegani. Bundi hakutukawiza. Nimechota chumvi, nimetupa. Ikapasuka pasuka.

Yale maneno nikayasema kwa sauti ya chini, nilikuwa na haya. Akagonga kioo. Akafanya ishara kwa mkono: paza.

Nikapaza. "Nenda kwenu! Hapa hakuna mtu wako!" Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaniona na kofia yangu ya msikitini na mkono juu, akarudi chini taratibu.

Nimemwambia Mungu: Wewe unanijua. Nikatawadha upya nikaenda kuswali, nimechelewa rakaa moja.

Jumapili, 13 Julai

Majivu laini. Matundu yote wazi. Nimeyahesabu kwa kidole kama mtu anayesoma tasbihi.

Jumatano, 16 Julai

Nimempigia Sanga. Nikamwambia peleti zake ni nzuri na alete viroba kama kawaida. Akauliza shida ya jiko ilikuwa nini. Nikasema fundi ndiye alikuwa na kasoro. Akacheka, akadhani natania.

Zaituni amekohoa, ndiyo. Hiki kifua hakiponi, tusidanganyane. Lakini amekohoa kikohozi chake cha zamani, kile ninachokijua. Ameketi karibu na jiko akamenya viazi. Ameniuliza mkono wa kutupia ni upi. Nikamwambia wa kulia. Akasema mama yake alitumia wa kushoto. Nimebadilisha.

Jumapili, 20 Julai

Mwajuma amekuja na basi la mchana. Ameweka mzigo, amesalimia, ameinama kutazama moto kupitia kioo, kiko safi. "Bado maharage yatakuwa ya hospitali," akasema. Nikamwambia ndiyo, shemeji. Sasa wako ndani wanaongea Kihehe, nimeingia kuchukua kiberiti na hawakubadilisha.

Makaa yamekolea mapema leo. Nimesimama pale uani na chumvi mkononi. Adhana imeisha. Mkaratusi kimya. Nimengoja. Giza likaingia, bado kimya. Labda amehama. Labda panya wamekwisha.

Leo bundi hakulia. Nimetupa hivyo hivyo.